Nani achinje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chanzo cha ghasia kati ya Waislamu na Wakristo Tanzania

Maswali haya huwa yanarudi kila linapotokea jambo la msikiti au la kanisa. Nimeyajibu kwenye vikao vya misiba, kwenye foleni ya benki, hata ndani ya daladala. Mengi ya majibu yanahusu miaka ya 2012 na 2013, kwa sababu hapo ndipo mambo yaliyokuwa yakichemka chini kwa chini yalipofumuka hadharani.

Kwani Waislamu na Wakristo wa Tanzania wanachukiana?

Mtaani, hapana. Wanaoana, wanazikana, wanaazimana sufuria za shughuli. Ukoo mmoja wa Kipare au wa Kinyamwezi unaweza kuwa na Athumani na Elia, baba mmoja mama mmoja, na hakuna anayeona ajabu. Tatizo liko ngazi ya juu ya hapo, pale msikiti, kanisa na serikali wanapogawana nafasi, mashule, viwanja na heshima. Jirani hagombani na jirani kwa sababu ya Utatu Mtakatifu. Anagombana naye siku atakapoaminishwa kwamba upande wa mwenzake unapendelewa na upande wake unadharauliwa.

Mbagala 2012 ilianzaje?

Ilianza na watoto wawili waliokuwa wakicheza pamoja. Ilikuwa Mbagala, Dar es Salaam, Jumatano, tarehe 10 Oktoba. Mmoja Mwislamu, ana msahafu wake wa madrasa. Mwenzake Mkristo, umri miaka 14. Wakabishana ubishi wa kitoto: ukiuchezea msahafu utadhurika papo hapo, utageuka nyoka. Sigeuki. Utageuka. Yule wa miaka 14 akaukojolea ili ajue nani mkweli.

Kama habari ingeishia kwa wazazi wa pande mbili, leo tusingekuwa na la kuandika. Lakini Ijumaa, tarehe 12, baada ya swala, umati ulikwenda kituo cha polisi kudai mtoto yule atolewe nje ukabidhiwe. Polisi wakakataa, na katika hilo walifanya sawasawa. Yakapigwa mabomu ya machozi, watu wakatawanyika mitaani, na makanisa kadhaa ya Mbagala yakavunjwa na kuchomwa moto. Waliokamatwa walizidi mia moja. Kesho yake Rais Kikwete alifika kuyaona makanisa kwa macho yake.

Ukiniuliza chanzo, nitakuonyesha zile siku mbili kati ya Jumatano na Ijumaa. Katika siku hizo habari ilibadilika mdomoni. Ilipotoka nyumbani ilikuwa "mtoto wa fulani kakojolea msahafu". Ilipofika msikitini ilikuwa "Wakristo wamekojolea Kurani". Umri wa mtoto ulipotea njiani, na ubishi wa nyoka nao ukapotea.

Yaani uvumi tu unatosha kuchoma kanisa?

Hautoshi. Kiberiti kikiangukia kwenye nyasi mbichi kinazimika. Mwaka ule nyasi zilikuwa zimekauka.

Kulikuwa na malalamiko ya matokeo ya mtihani wa Maarifa ya Uislamu kidato cha sita, ambayo Baraza la Mitihani lilikiri kwamba yalikosewa katika kukokotoa. Kosa la hesabu, pengine, lakini nenda kamweleze hivyo mtu ambaye tayari anaamini mtoto wake anafelishwa kwa makusudi. Agosti ikaja sensa, na baadhi ya Waislamu wakaigomea kwa kuwa haikuwa na kipengele cha dini. Wengine wakakamatwa. Kulikuwa pia na mgogoro wa kiwanja cha Markaz Chang'ombe, ambao kiongozi wa Kiislamu, Sheikh Ponda Issa Ponda, alishitakiwa kwa ajili yake siku chache baada ya Mbagala. Mei 2013 akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja kwa kuingia kiwanjani kwa jinai. Kwa hiyo waliofika kituoni Ijumaa ile hawakuja na habari ya msahafu peke yake. Walikuja na mafurushi yao.

Kuchinja nako? Inakuwaje kisu cha machinjioni kilete mauaji?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana ndani yake mna kila kitu.

Nenda machinjioni alfajiri. Ng'ombe analazwa, anaelekezwa kibla, mchinjaji anapiga bismillahi na kupitisha kisu. Afisa mifugo anakagua, anagonga mhuri. Nyama inapakiwa kwenye toroli au pikipiki, inakwenda kutundikwa buchani. Mwenye bucha anaweza kuwa Mkristo, mwenye ng'ombe akawa hana dini kabisa, lakini aliyeshika kisu ni Mwislamu. Utaratibu huu ulikaa kwa mazoea zaidi ya sheria, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: Mkristo anakula nyama iliyochinjwa na Mwislamu, ila Mwislamu hali asiyojua imechinjwaje. Ukitaka kuwauzia wote, jibu unalo.

Mwishoni mwa 2012, Kanda ya Ziwa, baadhi ya wachungaji, wengi wao wa makanisa ya kilokole, wakaanza kuhoji. Kwa nini mnyama wangu aombewe dua ya dini nyingine kabla sijamla? Na kwa nini kazi ya kuchinja, yenye ujira wake, iwe ya watu wa dini moja? Angalia vizuri, hapo kuna maswali mawili. La kwanza ni la imani, la pili ni la hadhi na riziki. Nadhani la pili ndilo lililouma zaidi, ingawa la kwanza ndilo lililohubiriwa.

Waislamu nao walikuwa na hofu ya kweli, siyo ya kubuni. Nyama ikishatundikwa kwenye ndoano haina jina. Mkianza kuchinja wenyewe na kuuza sokoni humohumo, nitaijuaje halali na kibudu?

Tarehe 11 Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, Wakristo waliochinja wenyewe walivamiwa. Watu wakapigana, na mchungaji mmoja wa Tanzania Assemblies of God akauawa. Serikali, viongozi wa dini na Waziri Mkuu Mizengo Pinda wakaingia kusuluhisha, na msimamo wa serikali ukawa kwamba utaratibu wa zamani uendelee kwanza. Aprili moto ukawaka Tunduma, mpakani na Zambia, kwa swali lilelile.

Kinachonisikitisha ni kwamba vitabu vyote viwili vilikuwa na njia ya kutokea. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anawaambia waumini wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Sura ya Al-Maida inakataza nyamafu na kilichochinjiwa asiyekuwa Mungu, lakini aya mbili mbele inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali. Wanazuoni wana mjadala wao mrefu hapo na mimi si mwanazuoni. Ila aya hizi sikuzisikia zikisomwa kwenye vipaza sauti mwaka ule.

Si wangetenganisha tu bucha?

Wengi waliipinga fikra hiyo kwa hoja kwamba leo mtatenga bucha, kesho masoko, keshokutwa mitaa. Ni hoja nzito. Lakini Dar es Salaam imeishi na bucha za nguruwe kwa miaka, zina vibao vyao, na aliyezoea kukwepa anakwepa. Mimi ningekubali bucha mbili zenye vibao vinavyosomeka.

Hata kitimoto imewahi kuleta vurugu?

Ndiyo, Aprili 1993, Dar es Salaam. Bucha za nguruwe zilivunjwa na watu waliosema zimewekwa katikati ya makazi ya Waislamu kwa dharau. Serikali ikakamata watu, na jumuiya ya Kiislamu ya BALUKTA ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Jina lenyewe, kitimoto, wengi husema limetokana na watu kuila kwa wasiwasi, wamekalia kiti cha moto wasionekane. Leo wanaila barazani.

"Mfumokristo" maana yake nini?

Ni neno la Waislamu wanaoamini kwamba dola ya Tanzania, bila kusema, imejengwa kwa kupendelea Wakristo. Ukilitamka mbele ya padri atakunja uso. Ukilikana mbele ya imamu wa Temeke atakutajia orodha.

Orodha inaanzia ukoloni. Wajerumani waliwatumia Waislamu wa pwani kama maakida na maliwali kwa sababu walijua kusoma na kuandika. Lakini shule za kisasa zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mtoto akarudi na jina jipya. Wakati wa uhuru, wenye vyeti walikuwa wengi Wakristo, na ofisi hujazwa na wenye vyeti. Nyerere alitaifisha shule za misheni kuanzia 1970 ili watoto wote wasome, jambo ambalo maaskofu wengine hawakulifurahia, na ambalo Waislamu wengi hawakumbuki kumpa shukrani. Badala yake wanakumbuka 1968, mwaka ambao EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ilipigwa marufuku na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa. Tangu hapo kuna Waislamu wanaoiona BAKWATA kuwa chombo cha serikali, si chao.

Kisha kuna mkataba wa Februari 1992, ambao watu wanauita MoU tu. Serikali ilikubaliana na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo kuhusu hospitali na shule za makanisa na jinsi ya kuzisaidia. Kwa upande wa serikali hoja ilikuwa ya kiutendaji: kuna wilaya ambako hospitali ya misheni ndiyo hospitali pekee, na inamtibu kila mtu. Kwa Mwislamu wa Temeke hoja ni nyingine: kodi yangu inalipa mshahara kwenye hospitali yenye msalaba mlangoni. Wote wawili wanasema kweli. Mwaka 2005 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO na ambayo Rais Mkapa aliyatoa. Kilipunguza kelele kidogo, hakikuzimaliza.

Na Wakristo wanalalamikia nini?

Wao pia wana mafurushi yao. Zanzibar ilipojiunga na jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC, bila Bara kujua vizuri, wakaona nchi inauzwa. Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa, lakini kumbukumbu ikabaki. Jingine ni Mahakama ya Kadhi. Bara ziliondolewa miaka ya mwanzo ya uhuru, CCM ikazitaja kwenye ilani ya 2005, Waislamu wakazisubiri muongo mzima, na mwaka 2015 muswada ukaahirishwa. Maaskofu waliona dini moja inaingizwa kwenye mahakama za dola. Waislamu waliona ahadi ya uchaguzi imevunjwa. Kenya ina makadhi ndani ya Katiba na Zanzibar inao, kwa hiyo kila upande una mfano wa kuonyesha.

Zaidi ya hayo kuna mihadhara.

Mihadhara ni nini hasa, na kwa nini inaudhi?

Ni mikutano ya hadhara ya dini, ya wazi, ambapo mhubiri Mwislamu anashika Biblia mkononi na kuitumia kuthibitisha kwamba Yesu si Mungu. Ilishamiri miaka ya themanini na tisini, enzi za Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, wakati huohuo walokole nao wakijaza viwanja vya mpira kwa mikutano ya injili na kutangaza majini ya Kiislamu yanavyotolewa. Kaseti ziliuzwa kando ya stendi, baadaye zikaja sidii, siku hizi ni video za kutumiana kwenye simu.

Kisheria, kuhubiri ni haki chini ya ibara ya 19 ya Katiba. Kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Mpaka kati ya hayo mawili uko wapi? Kwa Mwislamu, kusema Yesu si Mwana wa Mungu ni akida, si tusi. Mkristo aliyekaa barazani kwake akisikia hilo kwenye spika saa kumi jioni anahisi ametukanwa nyumbani kwake. Na mlokole anayesema Uislamu ni wa mapepo naye anaamini anaokoa roho. Hakimu mwenyewe ana dini yake. Ni kazi ngumu.

Polisi wana mchango gani?

Mkubwa, na wa pande zote mbili: kwa kuchelewa na kwa kuzidisha. Tarehe 13 Februari 1998, msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, polisi waliingilia baada ya padri kulalamikia mihadhara. Ijumaa ile wakafyatua risasi, na watu wasiopungua wawili wakafa. Wakristo hawakuua mtu Mwembechai, lakini katika simulizi za Waislamu jina hilo limekaa kama ushahidi wa mfumokristo: padri amelalamika, polisi wameua. Ndivyo kosa la dola linavyogeuka kuwa deni la jirani.

Zanzibar ilikuwa dini au siasa?

Siasa iliyovaa kanzu, ukinilazimisha kuchagua. Baada ya serikali ya umoja wa kitaifa ya 2010, CUF, chama kikuu cha upinzani, kiliingia madarakani na kiti cha upinzani kikabaki wazi. Jumuiya ya Uamsho, iliyokuwa ya kidini, ikakikalia na kudai kura ya maoni kuhusu Muungano wakati mchakato wa Katiba mpya unaanza. Mei 26 na 27, 2012, baada ya mmoja wao kukamatwa, Unguja kukawa na fujo na makanisa yakachomwa. Kwa nini makanisa? Kwa sababu Wazanzibari karibu wote ni Waislamu, na kanisa Unguja, haki au si haki, lilionekana ni Bara.

Baadaye hali ikawa mbaya zaidi. Oktoba Sheikh Farid Hadi, kiongozi wa Uamsho, alitoweka siku kadhaa na mji ukawaka tena. Novemba Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, akamwagiwa tindikali. Huyo ni Mwislamu, tusisahau. Siku ya Krismasi Padri Ambrose Mkenda akapigwa risasi, akapona. Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi akapigwa risasi akielekea kuongoza misa, na hakupona. Viongozi wa Uamsho walikaa mahabusu kwa tuhuma za ugaidi tangu 2014 hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021. Miaka saba bila hukumu. Ukiwa na nia ya kujenga uchungu mpya, hakuna njia bora.

Bomu la Olasiti, Arusha, na mashambulizi ya Al-Shabaab Kenya: ni kitu kimoja na haya?

Sivyo. Olasiti, tarehe 5 Mei 2013, bomu lilirushwa kwenye uzinduzi wa parokia mbele ya balozi wa Papa, watu watatu wakafa na zaidi ya sitini wakajeruhiwa. Garissa, Aprili 2015, wanafunzi wa chuo kikuu waliuawa. Hayo ni mashambulizi ya watu wenye mpango, na mpango wenyewe ni kuwafanya majirani wageukiane. Desemba 2015, karibu na Mandera, abiria Waislamu ndani ya basi walikataa kujitenga na Wakristo mbele ya bunduki, wengine wakawavika wanawake Wakristo hijabu. Umati wa Mbagala na washambuliaji wa Garissa wakiwekwa fungu moja, hakuna kitakachoeleweka.

Tunaweza kufika kama Jos, Nigeria?

Jos inafundisha. Septemba 2001 mji ule uliungua kwa siku kadhaa. Cheche moja ilikuwa mwanamke Mkristo aliyetaka kupita barabara iliyofungwa kwa swala ya Ijumaa. Lakini kabla ya hapo palikuwa na ugomvi wa nani mwenyeji na nani mgeni: makabila ya pale, wengi Wakristo, dhidi ya Wahausa Waislamu, wakigombania vyeo na cheti cha uenyeji kinachofungua mlango wa ajira na shule. Dini, kabila na ardhi vimelala kitanda kimoja.

Kwetu vitatu hivyo havijalala pamoja. Msukuma anaweza kuwa Mwislamu, Mkatoliki, au mtu wa mizimu yake, na shamba ni lilelile. Urais umepokezana bila kuandikwa popote: Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, Samia. Hiyo ndiyo ngao yetu, wala si upole wa damu. Buseresere walikuwa Watanzania hawahawa.

Waislamu wangapi, Wakristo wangapi?

Sensa haijauliza dini tangu 1967. Anayekupa asilimia kamili, muulize alihesabu lini.

Nikipokea ujumbe kwamba msahafu umechanwa au kanisa limechomwa, nifanye nini?

Uliza vitu vitatu: wapi, lini, na mhusika ana umri gani. Swali la tatu watu wanalicheka, lakini Mbagala lingesaidia.

Tuna harusi, ukoo ni mchanganyiko. Nani achinje?

Mwiteni mzee Mwislamu wa mtaani, siku moja kabla, msimkurupushe alfajiri. Mpeni kisu kikali na kipande chake cha nyama cha kuondokea. Kama kitimoto lazima iwepo, ipikwe kwa jirani, na masufuria na miiko yake isirudi kwenye jiko la pilau. Liandikwe kwenye muhtasari wa kamati, maana kamati za harusi husahau kila kitu isipokuwa vinywaji.

Sisi tulisahau, harusi ya mdogo wangu. Pilau imeshapakuliwa, shangazi yetu mmoja akauliza kwa sauti ya chini tu, "Nani kachinja?" Kamati ikatazamana. Mwenyekiti akamtazama mpishi, mpishi akatazama sufuria. Meza nzima ikaweka vijiko chini, Waislamu na Wakristo wao, na vijana wawili wakapanda bodaboda kwenda kutafuta samaki.